Sauti ya Dada Yangu Kwenye Karatasi

Neno "toni" nililisikia mara ya kwanza nikiwa tayari nina wajukuu saba, nimekaa upande upande kwenye dawati la watoto kwa sababu magoti yangu yalikataa kuingia chini yake. Lilikuwa darasa la ngumbaru hapa Isiolo, kwenye chumba cha shule ambacho tuliachiwa alasiri watoto wakishaenda nyumbani. Tulikuwa wanafunzi tisa, wanawake wanane na mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa lango, na mzee huyo alikuja kulala zaidi kuliko kusoma. Simlaumu. Chumba kile kilikuwa na upepo mzuri.

Wacha niseme kwanza kwa nini nilienda kusoma uzeeni, maana watu huniuliza. Kuna siku nilimnywesha mbuzi wangu dawa ya macho. Chupa mbili zilifanana, na maandishi yake kwangu yalikuwa kama nyayo za kuku. Mbuzi hakufa, ila alinitazama siku nzima kwa namna ambayo sijaisahau. Nikasema basi, sasa nitazijua herufi. Utotoni nilikaa shule mwaka mmoja na nusu, kisha ukame ukatuhamisha, tukafuata ngamia, na penseli yangu ikapotea njiani kule upande wa Gotu. Nililia. Dada yangu mkubwa akanipa kijiti cha mkaa, akaniambia andika kwa mawe, mawe hayaishi.

Dada yangu huyo ndiye nataka kumsema. Lakini nimalize kwanza habari za darasa.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa Kimeru, mwembamba, mpole, asubuhi anafundisha fasihi sekondari na alasiri anatuvumilia sisi. Tulipokuwa tumeshamaliza herufi na tunasoma hadithi fupi za kitabuni, akaja siku moja na karatasi kubwa ya manila, akaibandika ukutani. Imejaa maneno kutoka juu mpaka chini.

"Mama zangu," akasema, "mtu akiandika, kuna vile anahisi juu ya kile anachokiandika. Amekasirika, ama anacheka, ama roho inamuuma. Hiyo hisia inasikika ndani ya maneno yake. Ndiyo toni. Mtihani ukikuuliza mwandishi ametumia toni gani, unatafuta neno lake hapa."

Tukayasoma kwa sauti, pamoja, kama watoto. Huzuni. Masikitiko. Kejeli. Bezo. Lawama. Ukali. Upole. Majuto. Ucheshi. Matumaini. Kukata tamaa. Kutojali.

Rafiki yangu mmoja Mturkana, muuza makaa, mwanamke ambaye Mungu alimpa mdomo mara mbili, akainua mkono. "Mwalimu, hii bezo ni nini?"

"Ni kumdharau mtu mpaka dharau ionekane kwa maneno yako. Kumwona si kitu."

"Aa. Huyo ni mume wangu wa kwanza."

Tulicheka mpaka mzee wa lango akaamka.

"Na kejeli?"

"Kejeli ni unamsifu mtu, kumbe unamcheka."

"Hiyo nilimfanyia mimi mume wa pili," akasema. "Endelea, mwalimu. Masomo yananiingia."

Mimi nikauliza kama huzuni na masikitiko si kitu kimoja. Mwalimu akafikiri. Akasema huzuni inaweza kukukalia tu, hata hujui imetoka wapi, lakini masikitiko yana kitu yanachokitazama, mtu fulani ama jambo fulani. Nilipenda jibu hilo. Nilitoka darasani nikitembea na yale maneno kama mtu aliyepewa funguo nyingi anajaribu kila mlango. Sokoni yule muuza vitunguu wa Kinna, matumaini, hata vitunguu vikiwa vimeoza. Mkwe wangu, lawama, hata akisema salaam aleikum. Punda wa maji wa jirani, kukata tamaa kabisa.

Lakini kulikuwa na neno moja ambalo sikuhitaji kulitafutia mwenyewe. Kutojali. Hilo nilijua nimelihifadhi wapi. Lilikuwa kwenye karatasi, ndani ya mkebe wa kahawa, chini ya kitanda changu, kwa miaka ishirini na zaidi.

Sasa niseme habari za maziwa, bila hiyo hamtaelewa.

Mimi niliuza maziwa ya ngamia hapa mjini tangu mtoto wangu wa kwanza alipokuwa mgongoni. Ngamia walikuwa wa dada yangu, yeye akiishi kule Garbatulla nje kidogo, nami nikiwa huku na wanunuzi. Alikuwa anakamua, anafukiza mtungi wa mbao kwa moshi wa mti wetu wa ejersa, anajaza, anafunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa mtungi ili ujulikane ni wake, na lori la mchana linaleta. Barabara hiyo siku hizo ilikuwa mawe na mashimo matupu, na maziwa yalifika yametikisika mpaka mengine yameanza kuwa siagi. Nikishauza, mtungi unarudi na lori. Na kwetu mtungi wa maziwa haurudi mtupu. Hiyo ni adabu ambayo mama alitufundisha kabla hata ya kutufundisha kusuka nywele. Unafunga kitu kwenye ule mkono, hata kama ni majani ya chai kidogo kwenye karatasi, hata sukari vijiko viwili, hata ushanga. Aliyekutumia maziwa anaufungua mkono ule kabla hajaushika mfuniko. Hapo ndipo anapojua uko wapi naye.

Na pamoja na mtungi yalikuja maneno. Simu hazikuwako. Aliyeleta maneno alikuwa taniboi wa lori, mtu mzima mwenye ndevu, na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko alivyofanya ile ya kupakia mizigo. Ukimpa ujumbe alikuuliza, "Niuseme nimesimama ama nimekaa?" Maana alijua maneno bila mwili ni mzigo nusu. Alikuwa anaruka kutoka juu ya lori, anapangusa vumbi, anakohoa, halafu uso wake unabadilika. Mkono mmoja anauweka kiunoni, kidevu juu, na hapo mbele yangu si yeye tena, ni dada yangu.

"We mtoto," alikuwa anasema kwa sauti yake yeye dada, nyembamba, ya kukata, "ngamia yule mweupe amezaa. Amezaa dume, mvivu kama baba yako mdogo. Na ile chai uliyoleta juzi ni majani ya mti gani? Nimekunywa nikaota nimekufa."

Wanawake wa maziwa walikuwa wanaacha kazi zao kuja kusikia. Walimjua dada yangu bila kumwona. Alikuwa anatukana kwa mapenzi, kila siku, na taniboi hakupunguza hata neno. Siku hizo sikujua kama hiyo ina jina ukutani. Tulisema tu, leo sauti yake imeiva, ama leo sauti yake imelala, pengine anaumwa. Nikisikia imelala nilifunga sukari zaidi kwenye mtungi.

Naukumbuka ule mchana wa lori mpaka harufu yake, moshi wa ejersa na dizeli na ngozi za mbuzi. Sasa barabara ni ya lami sehemu kubwa na maziwa yanakuja kwenye gari lenye barafu, na hakuna mtu anayeruka kutoka juu kuniita we mtoto.

Basi. Iliharibika hivi. Kitinda mimba wangu alishikwa na surua, akiwa na umri wa kutembea tembea. Macho yamefumba, mwili moto. Asubuhi hiyo nilikuwa nimebeba mtungi mtupu mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, naenda hospitali, na lori likawa linaondoka mapema kuliko siku zote. Nilimpungia taniboi, nikamrushia mtungi juu. Akaudaka. Nikakimbia. Nilikuwa nimefika langoni pa hospitali ndipo nikakumbuka sikufunga kitu. Nikajiambia dada ataelewa, taniboi atamwambia. Kumbe taniboi hakuona mtoto aliyefunikwa leso. Aliona mwanamke ametupa mtungi na kukimbia, na yeye alisema alichokiona.

Mtoto alilazwa siku kumi na mbili. Alipona. Leo ni mwanaume mwenye kitambi na leseni ya kuendesha. Lakini katika zile siku kumi na mbili lori lilikuja na kwenda, na niliporudi sokoni sikukuta mtungi wa kitambaa chekundu. Nilimuuliza taniboi. Akatazama pembeni. "Dada yako hakunipa neno," akasema. "Na sidhani atanipa tena."

Wiki iliyofuata abiria mmoja akaniletea barua.

Barua! Dada yangu hajui hata alifu. Nilishtuka nikaipeleka kwa mwenye duka, bwana kutoka Nyeri, mtu mzuri aliyetusomea wote tusiojua. Ila alikuwa na kasoro moja, kila kitu alikisoma kwa sauti ya kutaja bidhaa. Tangazo la mazishi, cheti cha kuzaliwa, vyote kilo mbili kilo tatu. Akavaa miwani, akaanza, huku anampimia mtu mchele.

"Kwa mdogo wangu mpendwa. Salaam aleikum. Natumaini hujambo, sisi huku hatujambo. Mtungi umefika ukiwa mtupu. Nimeupokea. Maziwa yamepungua, kwa hivyo nimeona ni vyema upumzike kutuma mtungi. Salimia watoto. Ni mimi dada yako."

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena, vile vile. Akaikunja, akanirudishia. "Ni hiyo tu, mama maziwa. Hakuna neno baya."

Ndiyo, na hilo ndilo lililonichoma. Hakuna neno baya. Dada yangu aliyenitukana kila siku kwa miaka, hajaniita hata mvivu. Mpendwa! Angeniita nyoka ningepanda lori siku hiyo hiyo nikagombane naye, tukalia, tukala. Lakini hiyo karatasi ilikuwa kama sauti ya mtu anayeongea na mgeni mlangoni bila kumfungulia. Nilikaa juu ya gunia la mwenye duka nikafikiri, mtoto wangu alikuwa anakufa na mtu huyu anahesabu majani ya chai. Hata kuuliza hakuuliza. Nami nikawa na kichwa kigumu. Sitasema uongo hapa, nilikuwa na kichwa kigumu sana. Nikanunua maziwa kwa wanawake wengine. Barua nikaitia kwenye mkebe.

Miaka ikapita namna inavyopita. Tulikutana kwenye mazishi na harusi. "Nagaa?" ananiuliza, amani? "Nagaa," namjibu. Mkono unashikwa, mkono unaachwa. Hakuna aliyetuona angesema tumegombana. Na simu zilipokuja, wanangu waliandika namba yake kwenye simu yangu, nikaiacha imekaa humo.

Sasa turudi darasani. Mwalimu alituambia kila mtu alete kitu chochote kilichoandikwa kutoka nyumbani, tukitafutie toni. Mmoja akaleta kibandiko cha dawa ya kupe. Mzee wa lango akaleta barua yake ya kufutwa kazi, na tukakubaliana wote, bezo. Mimi nikaleta mkebe wangu wa kahawa. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka watu tisa wathibitishe kwamba nilionewa.

Nikasimama, nikawaambia ni ya dada yangu asiyejua kuandika, nikaisoma mwenyewe, mara ya kwanza kwa macho yangu, silabi kwa silabi. Ilinichukua muda. Sauti yangu ilitoka kama ya mwenye duka, maana ndivyo nilivyoijua.

"Kutojali," nikasema nikakaa.

"Kavu," akasema muuza makaa. "Kavu kama kiwele cha kiangazi. Huyu hakutaki, dada. Pole."

Mwalimu akaomba karatasi. Akaitazama, halafu akaisoma polepole, na pale kwenye nimeupokea akasimama kidogo kama mtu aliyemeza kitu kigumu. "Mtungi umefika ukiwa mtupu. Nimeupokea." Maneno ni yale yale, hakuongeza hata moja, lakini sauti haikuwa ya mwenye duka.

"Mimi sioni kutojali," akasema. "Asiyejali hawezi kukaa chini akatafuta mtu wa kumwandikia. Mimi naona masikitiko. Kuna kitu anakitazama."

"Mwalimu, wewe una roho laini," muuza makaa akamwambia. "Wewe hata risiti utaisikia inalia."

"Inawezekana," mwalimu akasema, hata hakukasirika. "Mwenye kujua ni aliyeisema. Yuko hai?"

Nilisema yuko hai. Na nilipolisema nikaingiwa na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuihisi kwa jambo hilo. Dada yangu ana miaka inayokaribia themanini. Nyonga yake imekufa, hatembei mbali. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kugombana kwetu kuko mahali fulani kunatungoja, siku yoyote. Kumbe mmoja wetu akitangulia, atakayebaki atabaki na hiyo karatasi, na sauti ya mwenye duka.

Ijumaa sikwenda darasani. Jumamosi nikachukua gari la asubuhi, na chai na sukari na leso mpya kwenye kikapu, na barua kifuani.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba yake kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Amekuwa mdogo. Mtu aliyekuwa anamshika ngamia dume kwa pua, sasa mabega yake yangeingia kwenye kikapu changu. Tukasalimiana. Nagaa, nagaa, watoto, mifugo, mvua. Mkaza mwanawe akatuletea chai, akaondoka. Sikujua nianze vipi, basi nikatoa barua.

"Nimejua kusoma," nikasema.

"Nimesikia. Unasoma na watoto."

"Na wazee. Nataka nikusomee kitu ulichoniandikia."

Nikasoma. Nilijaribu kusoma kama mwalimu, na kituo pale kwenye nimeupokea. Nilipomaliza niliinua macho nikitegemea kumwona analia. Alikuwa amekunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye mchele.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni yako. Uliandikiwa."

"Nani anasema mpendwa? Mimi lini nimekuita mpendwa?" Akaweka ungo chini. "Lete hapa." Akaishika, akaigeuza juu chini, kama anaweza kuisoma. "Haya si maneno yangu. Yule bwana mwandishi! Nilisema maneno mpaka jasho likanitoka. Yeye akaandika, akaandika, nikamwona kalamu inasimama, nikamwambia mbona husogei, akaniambia, mama, mengine hayaandikwi, nimeyaweka kwa heshima. Heshima! Hii ndiyo heshima yake?"

"Kwani ulisema nini?"

Hapo aliniangalia. Nami nikaona kidevu kinapanda. Mkono mmoja ukaenda kiunoni, akiwa ameketi vile vile na nyonga yake mbovu.

"Nilisema, mwambie yule mtoto nimeuona mtungi wake. Mwambie nimeugeuza, nimeutikisa, nimeingiza kidole, nikadhani pengine amenitumia upepo wa Isiolo. Mwambie kama amepata dada mwingine huko mjini wa kunukia marashi, basi huyo amkamulie ngamia kwa hizo kucha zake. Mwambie akituma mtungi tena nitaupasua na shoka nifanye sahani ya mbwa. Na mwambie..." Akasita. Sauti ikashuka. "Na mwambie aniletee yule mdogo nimwone, kabla hajasahau uso wangu."

Nilishika barua nikatafuta neno hilo la mwisho, nikalipata. Salimia watoto. Ndilo hilo, lilikuwa limevaa suti.

Kwa hivyo mwalimu alikosea, na mimi nilikosea, na mwenye duka masikini alisoma tu alichokikuta kwenye karatasi. Ilikuwa hasira, hasira nzima, yenye pilipili na chumvi. Sijawahi kufurahi hivyo kutukanwa. Nilicheka mpaka leso ikalowa, na yeye akakasirika kwamba nacheka.

"Unacheka nini? Ulinirudishia mtungi kama mtu asiye na mama!"

Ndipo nikamwambia habari ya surua. Ya mkono huu mtungi na mkono huu mtoto. Ya siku kumi na mbili. Alisikiliza mdomo wazi.

"Na hukusema?"

"Na wewe hukuuliza."

"Ningeuliza kupitia nani? Taniboi nilikuwa nimemtukana, akaapa hatasimama kwangu tena." Akatikisa kichwa. "Alikuwa anakufa? Yule mdogo?"

"Alipona. Sasa ni mnene."

"Alikuwa anakufa, na mimi niko hapa napiga kelele juu ya majani ya chai." Akachukua ungo wake, akachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Mawe hayakuwemo. Vidole vyake vilitafuta tu. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa na ngozi ikatanda juu yake.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Upande wa nyuma wa uongo huo. Andika yale niliyosema, yote, na shoka usiliache."

Nikaweka karatasi juu ya goti, nikaanza. Mwandiko wangu ni mkubwa na unapanda mlima. Yeye anasema, mimi naandika, na kila mstari analalamika.

"Mbona unachelewa hivyo? Kinyonga angekuwa amefika Isiolo na kurudi."

"Shoka linaandikwa polepole."

"Umeandika kucha?"

"Nimeandika kucha."

"Umeandika aniletee yule mdogo?"

"Hilo nimeliandika kubwa."

"Sasa ongeza. Mwambie nyonga yangu ni mbovu, siwezi kuja. Mwambie nyumba ina kitanda cha pili. Mwambie hao wanafunzi wenzake wamngojee, akae hapa mpaka mvua ianguke, na kama mvua itachelewa, ni bahati yake mbaya. Umeandika?"

Niliandika, na herufi nyingine zikapanda juu ya nyingine kwa sababu sikuona vizuri.

"Isome."

Nikasoma. Mwanzo mpaka mwisho, nikihema, kidole kikifuata mstari. Dada yangu akasikiliza hadi neno la mwisho, akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Simama. Isome kama nilivyosema."